Mali bila daftari: kuhamisha orodha ya simu za mtaa hadi kitabu cha mtandaoni

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya makatibu wa vikundi vya mtaani, Mji wa Kale. Tumeyachapisha kwa faida ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo dogo. Jinsi ya kuchukua orodha ya majina na nambari za simu iliyo katika faili la kompyuta, kisha kuiingiza yote kwa mara moja katika kitabu cha anwani cha mtandaoni. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mimi niliwahi kuifanya vibaya, kwa hivyo nitaanza hapo, maana kosa langu litawafunza kuliko sifa zangu.

Shangazi yangu wa Kibokoni alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha kina mama. Majina yote yalikuwa katika daftari la shule lenye jalada la buluu, na mengi ya yale majina yalikuwa na nambari mbili au tatu zilizokatwa kwa wino. Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi. Nimesomea uanahabari, hii ni kazi ya usiku mmoja." Nikaketi, nikaandika majina yote katika jedwali la Excel, nikahifadhi faili, nikaliingiza mtandaoni. Majina yakatokea yote, yamepangwa kwa alifabeti, yanapendeza. Nikajisifu.

Wiki mbili baadaye akafariki mama mmoja wa Kuze. Alifariki asubuhi, na maziko yakapangwa baada ya Asri. Mnajua kwetu mambo yanavyokwenda: kuanzia habari kutoka hadi jeneza kuinuliwa ni saa chache tu. Shangazi akatuma ujumbe kwa orodha mpya. Kwa wengi haukufika. Excel ilikuwa imeondoa sifuri ya mwanzo katika kila nambari, zikabaki tarakimu tisa badala ya kumi, nami sikuangalia. Tulianza kupiga simu kwa kusoma daftari la zamani, lakini wakati ulikuwa umetutupa mkono. Jioni akaja bi mkubwa mmoja, rafiki wa marehemu tangu utotoni. Aliniambia maneno haya tu: "Mwanangu, nilikuwa nyumbani siku nzima. Simu ilikuwa mkononi."

Tangu siku hiyo naichukua orodha ya simu kama amana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari likiwepo, ukilihamisha bila kulikagua, habari zaweza kupotea vilevile.

Orodha zetu ziko wapi leo?

Vikundi vingi hapa vinaweka orodha mahali pamoja kati ya matatu. Pa kwanza ni daftari. Daftari halihitaji chaji, lakini ni moja, na likilowa au likipotea hakuna la pili. Pa pili ni kadi ya laini. Kadi nyingi hubeba majina 250 hivi, na jina lenyewe hukatwa likiwa refu. Pa tatu ni simu ya katibu. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Simu ikiangukia majini pale kivukoni Likoni, au ikiibwa, au katibu akihama, kikundi chote kinabaki bila mdomo.

Na tusifikiri ni maziko peke yake. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Moto ukitokea usiku, gari la zimamoto haliwezi kufika kila mlango, na jirani ndiye wa kwanza kumtoa mzee aliyelala ghorofani. Jirani huyo anahitaji kuwa na nambari ya watu wa nyumba hiyo.

Kitabu cha anwani cha mtandaoni kinaondoa hatari hiyo kwa sababu majina hayakai ndani ya simu. Yamo katika akaunti, na simu inayasoma kutoka huko. Simu ikipotea, unaingia katika akaunti kwa simu nyingine, na majina yanarudi. Nitatumia mfano wa kitabu cha Google kwa sababu kila mwenye Gmail anacho tayari, hata kama hajawahi kukifungua. Nafasi yake ni majina 25,000, kwa hivyo chama chochote cha mtaa kinaenea.

Jambo moja kabla hatujagusa kompyuta. Fungueni akaunti ya kikundi. Msitumie akaunti ya katibu. Ikiwa ni ya katibu, orodha ya chama itachanganyika na fundi wake na wakwe zake, na siku akiacha kazi mtagombana. Neno la siri wajue viongozi wawili, na muweke ule ulinzi wa hatua mbili ambapo akaunti huuliza uthibitisho wa pili kwenye simu.

Faili ni kitu gani?

Kuna aina mbili mtakazokutana nazo. Ya kwanza ni vCard. Hii ndiyo simu yenyewe hutoa ukiiambia itoe majina yote yaliyomo. Ikiwa orodha yenu iko ndani ya simu au kadi ya laini, njia yenu ni hiyo, na ni rahisi: simu inatoa faili, mnaliingiza, basi.

Ya pili ni CSV. Hili ni jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu. Kila mstari ni mtu mmoja, na koma ndiyo inayotenganisha jina na nambari na mtaa. Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu, vinavyoiambia programu kwamba hapa pana jina, pale pana simu. Anayeanza na daftari, au na jedwali la Excel, atapitia hapa.

Makosa mengi huanzia kwenye vile vichwa. Ukiandika "Jina" na "Simu" kwa hiari yako, programu huenda isivitambue, ukapata orodha ya watu wasio na simu. Njia ya uhakika ni hii. Ingia katika kitabu cha mtandaoni, andika mtu mmoja kwa mkono, ukijaza jina, simu na kila kitu unachotaka kukihifadhi. Kisha iambie programu ikutolee mtu huyo kama faili la CSV la Google. Fungua faili hilo. Vichwa vyote unavyovihitaji vimo, vimeandikwa vile programu inavyotaka. Usiviguse. Wewe jaza watu wako chini yake.

Sifuri, jumlisha na nambari za zamani

Sasa tufike kwenye kosa langu. Excel ikiona 07 na tarakimu nane nyuma yake, inadhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina maana, kwa hivyo inaifuta. Ukianza na 254 mambo yanakuwa mabaya zaidi: nambari ina tarakimu 12, Excel inaifupisha na kuionyesha kama 2.547E+11, na ukihifadhi CSV hivyo hivyo tarakimu zilizofichwa zinapotea kabisa.

Dawa yake ni kuichagua safu nzima ya simu kabla ya kuandika chochote, kisha kuiambia Excel kwamba safu hii ni maandishi. Katika orodha ya miundo ni neno "Text". Baada ya hapo andika kila nambari kwa umbo la kimataifa: alama ya kujumlisha, 254, kisha tarakimu tisa bila ile sifuri. Umbo hilo hufanya kazi hata mwanachama akiwa Muscat au London, na WhatsApp huitambua nambari popote ulipo.

Mkimaliza, hifadhini kwanza kama faili la kawaida la Excel. Hilo ndilo asili yenu. Kisha hifadhini nakala kama CSV, na katika orodha mchague ile iliyoandikwa "CSV UTF-8", ili majina yenye herufi za Kiarabu au alama nyingine yasigeuke kuwa maswali. Baada ya hapo msilifungue tena lile CSV ndani ya Excel, maana itakula zile nambari upya. Mkitaka kulitazama, lifungueni kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad. Mkihitaji kusahihisha, rudini kwenye asili.

Wenye madaftari ya zamani, nina angalizo lenu. Zamani nambari za mezani za Mombasa zilianza na 011, kisha tarakimu sita. Msimbo huo ulibadilishwa kuwa 041. Halafu kuanzia 2019 zikatoka laini za mkononi zinazoanza na 01, na baadhi yake ni 011. Kwa hivyo ukikuta 011 katika daftari, hesabu tarakimu. Zikiwa tisa, hiyo ni simu ya mezani ya miaka iliyopita, na haifai tena. Zikiwa kumi, ni ya mkononi. Usiongeze tarakimu kwa kubahatisha. Mpelekee mtoto hodi akaulize.

Majina yetu

Kitabu hiki kilitengenezwa na watu ambao wana jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tuna jina la mtu, la baba, na la babu. Katika orodha ya shangazi yangu walikuwamo kina Fatma Ali wanne. Mmoja ni Fatma Ali wa Ndia Kuu, mmoja anajulikana kama Mama Swaleh, mmoja ni mwalimu wa madrasa, na wa nne kila mtu anamwita Bi Tatu. Ukiandika Fatma Ali mara nne, siku ya haja hutajua unampigia yupi.

Kwa hivyo andikeni majina matatu kamili, na mwishoni muongeze lile jina ambalo mtaa unamjua kwalo. Bi, Mzee, Sharifu au Ustadhi visitangulie katika safu ya jina la kwanza, maana orodha hupangwa kwa herufi, na mtapata nusu ya mtaa chini ya herufi B na nusu nyingine chini ya M. Heshima hizo zina safu yake.

Majina ya mitaa nayo muyaandike kwa namna moja. Mkiandika "Kibokoni" hapa, "Kiboko" pale, na "kwa kina Kiboko" kwingine, hamtaweza kuwatafuta watu wa Kibokoni kwa pamoja. Na chungeni koma. Ukiandika kwa mkono katika Notepad "karibu na msikiti, ghorofa ya pili", ile koma itaonekana kama mpaka wa safu, na kila kilichofuata kitasogea. Excel hulinda hilo kwa alama za nukuu, lakini ni salama zaidi kutotumia koma ndani ya maelezo.

Watano kwanza

Faili likiwa tayari, msiingize watu wote. Tengenezeni faili dogo la watu watano tu. Wachagueni wagumu: mwenye majina manne, mwenye nambari mbili, mwenye laini ya 01, mwenye nambari ya nje, na mmoja wa kawaida. Fungueni contacts.google.com kwenye kompyuta. Upande wa kushoto kuna neno "Import". Bofyeni, mchague faili, na mahali pa lebo mwandike jina la kikundi. Lebo ni kama kikapu: wote wanaoingia wanawekwa humo, na baadaye mnawapata kwa mara moja.

Sasa tazameni wale watano mmoja mmoja. Jina liko mahali pa jina? Jumlisha ipo? Kisha fanyeni lile ambalo mimi sikulifanya: wapigieni. Simu ikilia mkononi mwa mwenyewe, ndipo mnajua kazi imekamilika. Wote watano wakisibu, futeni hao watano, kisha ingizeni faili zima. Kwa mara moja mnaweza kuingiza hadi majina 3,000.

Mkimaliza, linganisheni hesabu. Daftari likiwa na watu 160, kikapu kiwe na 160. Kikiwa na 158, msiseme "si neno". Wale wawili ni watu.

Je, ikiharibika? Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuingiza faili lile lile mara mbili. Programu haifuti wa zamani, inaongeza, na kila mtu anakuwa pacha. Ndani yake kuna sehemu ya kuunganisha majina yanayofanana. Itumieni kwa uangalifu, mkikumbuka wale kina Fatma Ali wanne. La pili ni kuharibu kila kitu. Hapo kuna njia ya kurudisha kitabu kama kilivyokuwa, hadi siku 30 nyuma. Lakini hurudisha chote, kwa hivyo mtu mliyemwongeza jana kwa mkono naye ataondoka. Mwandikeni pembeni kwanza.

Na kwa wanaotaka kutuma matangazo ya WhatsApp kwa watu wengi kwa mpigo: orodha moja ya matangazo hubeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu ambaye naye amehifadhi nambari yenu. Kuwaingiza nyinyi peke yenu hakutoshi. Waombeni wanachama waihifadhi nambari ya kikundi.

Nambari si yako

Namalizia na jambo ambalo ni zito kuliko sifuri. Mtu alipompa shangazi yangu nambari yake, alimpa kwa ajili ya habari za maziko. Hakumpa ili auziwe viwanja, wala aingizwe katika kundi la kampeni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaeleza wajibu wa anayetunza taarifa za wengine.

Kwa lugha ya barazani ni hivi. Muulizeni mtu kabla ya kumwandika, na mumwambie nambari yake itatumika kwa kazi gani. Isitumike kwa nyingine. Andikeni kile mnachokihitaji tu. Nambari ya kitambulisho haina kazi katika orodha ya kuitana. Maradhi ya mtu msiyaandike katika safu ya maelezo, maana sheria inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Mtu akiomba kurekebishwa au kuondolewa, muondoeni. Na orodha ikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, sheria inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Msifiche kwa sababu ya haya.

Pia angalieni mnakofanyia kazi. Wengi wetu tunakwenda saiba. Ukimaliza, toka katika akaunti, futa lile faili katika kompyuta, kisha ufute na kwenye kapu la taka. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta ya saiba nikakuta orodha nzima ya wazazi wa watoto wasiokuwa wangu, na majina ya watoto wenyewe. Aliyeiacha hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka.

Lile daftari la buluu hatukulitupa. Shangazi alinifundisha hilo. Tuliisahihisha orodha, tukampigia kila mwanachama kumuuliza kama nambari ni yake na kama ameridhia, kazi iliyotuchukua jioni tatu. Kisha tukachapisha nakala moja kwa maandishi makubwa, ikawekwa kwa mwenyekiti. Kila baada ya miezi mitatu tunatoa faili jipya kutoka mtandaoni na kuchapisha tena. Umeme ukikatika, karatasi inasoma. Na kwa kila mwanachama asiye na simu, tumeandika jina la jirani atakayegonga mlango wake.

Yule bi mkubwa yumo katika orodha. Jina lake ni la kwanza kupigiwa tunapojaribu.

Wiki hii naomba kila katibu afanye jambo moja tu: ahesabu watu walio katika daftari lake, na awapigie kumi wa mwanzo. Mtashangaa ni wangapi wamebadilisha laini. Anzeni hapo, kabla ya kompyuta.